Ngozi ya Springi: Kumuaga Fundi Methodius Mbabazi

Jumamosi tarehe 30 Novemba 1957, Fundi Methodius Mbabazi anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika karakana ya wakala wa malori hapa Nkwenda. Miaka hiyo nimeihakiki mwenyewe. Mtunza stoo kama mimi hasadiki maneno matupu, hata ya rafiki.

Alianza kwa kuosha injini. Alikuwa kijana wa wafugaji wa Rugera, na wenzake tulimshuku kwamba amekuja Nkwenda kukwepa kuchunga. Akajifunza breki, gia na klachi, akawa fundi mkuu mwaka 1940. Sifa yake kubwa ilikuwa kutomwamini mwenye gari. Mteja akiapa kwamba lori lake halijawahi kuzidishiwa mzigo, Methodius aliitikia kwa heshima zote, kisha akalala chini ya gari kuutafuta ukweli.

Wateja nao hawakutuamini, na lawama si yao yote. Muuzaji wetu aliwaahidi kwamba lori jipya halijui kuchoka, naye aliyasema hayo Bukoba, penye barabara nzuri. Ukilileta kwenye mawe ya njia ya Murongo, limejaa magunia ya kahawa na abiria juu ya magunia, litavunjika. Likivunjika, wa kwanza kutazamwa ni fundi.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1943, wakati wa vita, spea zilipokuwa adimu kuliko chumvi. Mzee Rwegasira, mnunuzi wa kahawa wa Bugomora, alileta lori ambalo halijatimiza mwaka. Methodius akatoa springi iliyovunjika, akafunga nyingine. Mzee hakusadiki. Springi ya gari jipya itavunjikaje? Akatangaza sokoni kwamba Methodius ametoa springi nzima na kuiuza ng'ambo ya mpaka. Maneno yakamfikia meneja, naye akampa Methodius hadi Jumatatu alisafishe jina lake au afungashe virago. Nasi tuliofanya naye kazi tuligawanyika, tena wengi upande mbaya.

Kwao wafugaji, ng'ombe wa mtu akifia mikononi mwako, unampelekea mwenyewe ngozi, asije akasema umemuuza au umemla. Methodius aliitafuta ile springi kwenye lundo la vyuma, akaifunga nyuma ya baiskeli, akaenda nayo Bugomora. Alimwamkia mzee shikamoo, akailaza uani. Rwegasira akasema chuma ni chuma, huenda ni cha gari la mwingine. Mkewe, Placida, ndiye aliyeinama akaona mistari mitatu ya tindo, ileile ambayo mumewe huwawekea ng'ombe wake. Mzee mwenyewe alikuwa ameichonga kwa siri kwenye spea zake lori lilipokuwa jipya, ili siku moja amkamate mwizi.

“Hii si alama yako, Baba Anatolia?” aliuliza.

Mzee akaagiza mgeni aletewe maziwa.

Tangu hapo karakana yetu hairudishi gari bila spea iliyotolewa. Rwegasira naye alirudi sokoni akasema, kwa sauti ndogo kuliko ile ya kwanza, kwamba Methodius si mwizi. Lakini kila lori lake lilipotengenezwa, alikuja akaketi kando yake, akaikodolea macho kila boliti hadi ya mwisho. Methodius husema jambo hilo halikumsumbua. Sisadiki. Mimi liliniuma, sembuse yeye.

Wiki iliyopita mzee alileta lori, breki zinalia. Akamkabidhi Methodius ufunguo, akamuaga, akarudi zake Bugomora.

Methodius akashuku. Alilikagua lori zima, kwenye magurudumu, chini ya viti, hata ndani ya boksi la vifaa, akitafuta mtego. Hakuona kitu. Akaja stoo kuniuliza kama mzee anaumwa. Nikamwambia nimemwona asubuhi, ni mzima wa afya, labda safari hii amekuamini tu. Fundi wetu akasimama pale mlangoni, machozi yakimtoka.

Asante, Fundi, kwa kazi safi na jina safi. Meneja na sisi sote tunakuombea siku njema Rugera, wewe na mama watoto wako Kokushubira, na ng'ombe waongezeke. Na huko watu wakikuamini, tafadhali, usitafute mtego chini ya viti.