Seremala Aliyetuharibia Mchezo wa Mfalme

Leo, tarehe 29 Juni 1968, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, Papa Théophile Kibira anaweka randa chini. Ameitumikia shule yetu ya misheni kwa miaka thelathini na mmoja, tangu Mei 1937, aliposhuka kutoka vilima vya Masisi akiwa na msumeno mmoja na kikapu cha maharagwe. Maharagwe yaliliwa juma lile lile. Msumeno ungali unakata.

Madawati mnayokalia mkisoma karatasi hii ni kazi ya mikono yake, pamoja na lile la darasa la nne linaloyumba. Analijua. Amekataa kulitengeneza kwa sababu, kwa maneno yake, mwanafunzi anayekaa pale hasinzii. Mwaka wa 1952 upepo ulipong'oa paa la kanisa, aliliezeka upya kwa siku tisa, na siku ya kumi akaomba ruhusa alale.

Lakini tusidanganyane. Ukisema jina lake sokoni Kitshanga, hakuna atakayekutajia paa wala dawati. Watakuambia: yule Mfalme anayelia. Kwa miaka ishirini na miwili, kila Pentekoste, Papa Théophile alikuwa Mfalme katika mchezo wa shule.

Mchezo huo uliandikwa na padri mwanzilishi kwa kufuata kanuni za tanzia za kale. Mfalme mkuu, mwenye haki, mpendwa wa watu, anaapa kwamba binti yake aliyemwasi hatapita tena langoni. Mshauri anamsihi mara tatu, naye anakataa mara tatu. Kisha inakuja habari kwamba binti amekufa nje ya lango, na sehemu nzima ya nne ni Mfalme analia. Mimi ninayeandika haya ndiye mwalimu wa fasihi, na ndiye Mshauri tangu 1957. Nimekwisha kusihi mara thelathini na zaidi bila mafanikio.

Kanuni ninazifundisha hivi: shujaa awe mtu mkubwa, awe na kosa moja, kosa limletee mateso, na mateso yamfumbue macho wakati hakuna tena la kufanya. Hilo la mwisho ndilo muhimu. Macho yakifumbuka mapema, hiyo si tanzia tena, ni kikao cha familia.

Taji alilipata kwa bahati. Mwaka wa 1946 mwanafunzi aliyepewa nafasi ya Mfalme alikuwa akicheka kila binti alipokufa. Papa Théophile alikuwa juu ya jukwaa akipiga misumari kwenye kiti cha enzi. Padri, kwa kukata tamaa, akamwambia ajaribu. Alituambia baadaye kwamba alifikiria tu jino lililomsumbua mwaka uliotangulia. Padri alitoa kitambaa akafuta macho.

Kuanzia hapo, watu walitembea siku nzima kuja kumwona akiteseka. Akina mama wa vilimani hawakuwahi kuelewa kwa nini ni lazima wanyamaze. Kila mwaka walisimama wakapiga kelele, "Papa, umufungulie mutoto! Iko na baridi inje!" Mwaka mmoja Mama Verdiane, mkulima wa huko juu, alipanda jukwaani na kikapu cha mihogo, akampelekea binti nyuma ya lango. Mfalme hakutikisika. Sanaa ni sanaa.

Sasa nafika mahali ambapo wasifu wa namna hii kwa kawaida huruka.

Mwaka wa 1959 Emérence, binti yake wa kuzaa, alikwenda Kashebere na kijana mfanyabiashara aitwaye Evode, bila baba kuulizwa. Evode alipokuja na wazee na mbuzi kuomba radhi, Papa Théophile alitoka uani, akainua mkono wa kuume, akatamka: "Mlango huu hautamjua tena." Yalikuwa maneno ya Mfalme, neno kwa neno, na mkono ulikuwa mkono wa Mfalme. Majirani walipiga makofi. Walidhani anafanya mazoezi. Wazee wa Evode tu ndio walioelewa, wakageuka na mbuzi wao.

Mwaka wa 1964, wakati wa fujo, watu wengi walikimbia barabara ya Walikale wakaja kulala katika madarasa yetu. Papa Théophile alifanya kazi ambayo hatutaisahau. Alifungua milango yote, alitandika mikeka, alipika uji katika mapipa, aliandika orodha ya kila aliyeingia ili asikose chakula. Orodha hiyo ninayo. Mstari wa arobaini na tatu hauna jina. Umeandikwa: mwanamke mmoja, watoto wawili. Alimpa binti yake mkeka kama alivyowapa wengine, akaenda kwa waliofuata. Emérence alikaa miezi minne darasa la pili, kisha akarudi Kashebere. Pentekoste ya 1965 Mfalme alilia vizuri kuliko miaka yote.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na huyu wajukuu alikuwa nao wawili. Na mimi je? Mimi nilisimama mbele ya ubao nikifundisha kwamba anayetazama tanzia hujifunza bila kulipia. Nilikuwa na mtu aliyeitazama kwa karibu kuliko sisi sote, akiwa ndani yake, na hakujifunza hata punje moja. Sikumwambia neno. Nilikuwa nikimsihi jukwaani tu, kwa sababu pale maneno yalikwisha andikwa na kukataliwa kwangu kulikuwa kwenye mpango. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi tarehe mosi ya mwezi huu, siku moja kabla ya Pentekoste, mtawa Libérata anayesimamia materniti, nyumba ya kujifungulia, alishuka hadi karakana. Alitaka sanduku la maiti liwe tayari kwa Jumatatu, la urefu wa mita moja na sentimeta sitini. Kulikuwa na mama aliyeletwa kwa machela kutoka mbali, mtoto alikuwa amezaliwa lakini damu ilikataa kusimama. Papa Théophile, kama desturi yake, aliuliza sanduku ni la nani ili achonge herufi za jina. Mtawa alimwambia. Emérence Kibira.

Wasaidizi wake wanasema alichagua mbao za libuyu, zile nzuri anazoletewa kutoka Walikale, akazipiga randa hadi jioni, na hakupiga msumari hata mmoja.

Kesho yake alikuja jukwaani kwa wakati. Uwanja ulikuwa umejaa. Nilimsihi mara ya kwanza, akakataa, ingawa kwa sauti ndogo mno. Wa nyuma walilalamika. Nilimsihi mara ya pili, akakataa. Mara ya tatu nilipiga magoti. Mama mmoja akapaza sauti, kama kila mwaka, "Umufungulie, Papa!"

Mfalme alimgeukia yule mama. Kisha akasema, si kwa Kiswahili cha mchezo bali kwa kile cha nyumbani kwake, "Mufungue. Mutoto hana kosa. Mimi njo nilikosa." Akashuka jukwaani na taji lake la bati, akapita katikati ya watu, akapanda njia ya materniti.

Mimi nilibaki nimepiga magoti mbele ya kiti kitupu. Nyuma ya lango, Sidonie wa darasa la sita, aliyeigiza binti, alitoa kichwa akauliza, "Mwalimu, sasa mimi nikufe ao niache?" Nilimwambia aache. Sehemu ya nne haikuchezwa. Hatukuwa na wa kumlilia.

Kule juu hakuingia. Mtawa alimzuia mlangoni, akasema mgonjwa ana nguvu kidogo na ni lazima kwanza aulizwe kama anataka kumwona. Emérence aliulizwa. Jibu lake lilikuwa fupi: "Angojee."

Akangojea. Mvua ilianza kama saa tisa, naye akakataa kuingia barazani, kwa sababu, alisema, hajaambiwa aingie. Nilipomfuata nilimkuta amesimama na joho jekundu likichuja rangi miguuni. Hakulia, hakuinua mkono. Nimemwona akiteseka mbele ya umati mara kumi na moja kwa ufundi mkubwa, na sikuwahi kuamini nusu ya nilivyoamini pale. Saa kumi na mbili jioni mlango ulifunguliwa, akaitwa. Waliyosemezana humo ndani ni yao.

Damu ilisimama usiku ule. Masista wanasema ni dawa, akina mama wa vilimani wanasema wao walijua tangu 1946. Mtoto ni wa kike, na ana sauti ambayo babu yake anaisifu kwa kila anayekutana naye, awe ameuliza au la.

Kwa hiyo, kwa kanuni za fasihi, ni wajibu wangu kutangaza kwamba Papa Théophile Kibira si shujaa wa tanzia. Mateso yalikuwa yamemwandalia ukuu kwa miaka tisa, na alipofika mlangoni pake akaukimbia. Alifumbuka macho wakati bado kuna la kufanya. Hakuna kitabu cha darasani kitakachomkubali.

Jumatatu anahamia Kashebere. Evode amejenga chumba cha nyuma, na mbuzi, ambao sasa ni wajukuu wa wale wa kwanza, wamepokelewa kwa sherehe. Uongozi umeniomba nilivae taji kuanzia mwakani. Nimeshukuru, nikaomba kwanza likizo ya siku nne niende Kitshanga. Nina ndugu huko, tumbo moja, na hatujasemezana tangu 1961.

Papa Théophile, kwa niaba ya walimu, watawa, wanafunzi na wote waliokulia juu ya madawati yako, asante kwa paa, kwa uji wa 1964, na kwa mchezo uliotuharibia. Mungu akupe miaka mingi iliyo mizuri na ya kawaida kabisa, ambayo hakuna mtu hata mmoja atakayetaka kutembea siku nzima kuja kuitazama.

Jean-Bosco Sebarenzi, mwalimu wa fasihi