Bi. Genoveva Kokugonza na Benchi la Kupimia Helmeti

Ninawaomba radhi wasomaji wa jarida hili la wafanyakazi kwa ukimya wetu wa tangu Septemba. Haifai ukimya huo uendelee, kwa kuwa tarehe 31 Januari 1998 Bi. Genoveva Kokugonza, mzaliwa wa Bukoba, alistaafu baada ya kulitumikia duka letu la vifaa vya michezo la Herndon, hapa Marekani, kwa miaka kumi na minane. Anaondoka jambo moja likiwa halijaamuliwa: mwenye duka, Bw. Jumaane, anafikiria kuliondoa benchi la kupimia na kuuza helmeti zikiwa ndani ya maboksi.

Bi. Genoveva aliajiriwa kupanga bidhaa ghalani, kisha akahamishiwa kwenye helmeti na miwani ya waendesha pikipiki za theluji. Huko ndiko alikobaki. Benchi ni lake. Hakuna aliyelipa kabla ya kuketi hapo. Aliishika helmeti iliyo kichwani mwa mteja kwa mikono miwili na kuitikisa. Ngozi ya paji la uso isiposogea pamoja nayo, helmeti ilirudi rafuni. Kisha mteja alivaa na miwani, akabaki hivyo huku akiulizwa habari za ukoo mzima, mpaka mahali panapobana pajulikane. Waliojifunga shali puani aliwafungua mwenyewe, akiwaeleza kwamba pumzi itapanda, kioo kitaingia ukungu, na ukungu huo utaganda. Yeye mwenyewe alipanda pikipiki ya theluji mara moja tu, akashuka akisema kwamba inamtosha.

Wengi wetu tulinunuliwa sweta kubwa za shule ili tukue nazo. Bw. Kiprotich wa Lanham alitaka helmeti ya namna hiyo kwa binti yake Anitha, ili imfae kwa miaka mitatu. Bi. Genoveva alikataa kuiuza. Bw. Kiprotich akamkumbusha kwamba mtoto ni wake na fedha ni zake.

"Baba Anitha," alimjibu, "kichwa anachosafiri nacho Jumamosi ni cha mwaka huu."

Bw. Kiprotich alitoka akinung'unika, kesho yake akarudi na binti, naye akapimwa na kununuliwa inayomkaa. Wiki iliyofuata walikuja tena. Pikipiki ilikuwa imepinduka milimani. Helmeti ilikuwa na ufa. Anitha alikuwa mzima, akiulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Bi. Genoveva aliitupa helmeti hiyo, maana ikishagonga haivaliwi tena. Bw. Kiprotich aliagiza mbili, yake na ya binti, akaketi benchini wa kwanza.

Siku ya kumuaga, Bw. Jumaane alimuuliza angependa zawadi gani. Aliomba benchi libaki, likabidhiwe kwa Honorata, mfanyakazi mwenzetu aliyefundishwa kazi naye. Bw. Jumaane alisema kwa upole kwamba maboksi huuzika haraka, akaomba apewe muda.

Bi. Genoveva, tunakushukuru kwa kila kichwa kilichorudi nyumbani salama. Upumzike vyema, na afya ikuandame. Bw. Jumaane bado anafikiri. Siku atakayoamua, nitawaandikia.