Nililala Juu ya Pamba ya Wakwe

Ndugu zangu, nitasimama, maana kukaa nimeshakaa kupita kiasi.

Wenzangu mnaofanyia kazi nyumbani mnanijua: napokea simu za wateja wa kampuni ya Dar, nikiwa chumbani hapa Somanda. Mwanzoni nilijiona mjanja. Silipi nauli, sina bosi wa kunichungulia. Kumbe ndiyo nikawa sitoki kabisa. Nilikula simu ikiwa sikioni. Watoto walitembea kwa kunyata. Siku moja mke wangu akaniambia, "Mwenzangu, mimi nimeolewa na mlango uliofungwa. Usipobadilika, narudi kwetu."

Wakati wa kuvuna pamba akanikokota hadi kwao Mwamapalala. Tukafika asubuhi. Baba mkwe akanisalimu kwa Kisukuma salamu ya asubuhi, "Mwangaluka." Mimi nikajibu, "Asante kwa kupiga simu, nikusaidie nini?"

Mnacheka? Hata mashemeji walicheka. Mama mkwe hakucheka. Kwa aibu nikaingia ndani.

Sebuleni pamba ilirundikwa hadi dirishani, lori la kuipeleka sokoni linasubiriwa. Nawaambia, niliegemea tu!

Nilipofumbua macho jua lilikuwa linazama. Wabebaji wamekaa uani wananong'ona. Wanangu wamejipanga ukutani, wananitazama kama mgeni. Nikauliza lori liko wapi. Mke wangu akasema lilikuja, likaondoka tupu. Mama yake alisimama mlangoni, akawaambia watu, "Pamba itaondoka kesho. Huyu mtoto aacheni alale."

Mama mkwe, jamani! Ambaye kwa heshima zetu hata sahani moja hatuli naye. Jasho lao la msimu mzima lilikaa kimya linaningoja mimi niamke. Nililia mbele ya wakwe.

Kesho yake baba mkwe akanisalimu tena. Nikaitikia vizuri, nikabeba magunia. Niliporudi nikamwomba msimamizi wangu saa za kupumzika. Akakubali palepale. Kumbe sikuwahi kuomba!

Namshukuru mke wangu, wakwe zangu, na ninyi mnaonigongea mlango jioni tutembee. Ukichoka, sema mapema, usingoje mwili ukusemee ukweni.

Nilidhani nikiiacha simu dunia itasimama. Siku ile iliita mfukoni mpaka ikazima chaji, na dunia haikusimama. Kilichosimama ni lile rundo la pamba, ndugu zangu, na lilisimama kwa ajili yangu.