Vyumba Viwili Nilivyojenga Njiani

Bwana asifiwe, wapendwa. Msiitikie kwa nguvu sana, maana nikimaliza mtatamani mngenyamaza.

Mwaka jana nilisimama hapa hapa nikilia. Niliwaambia kwamba watu wa kaunti wamenichorea X nyekundu ya kubomolewa ukutani kwa sababu mimi ni mjane, sina wa kunitetea. Mkafunga siku tatu kwa ajili yangu. Ndugu zangu, nawaambia leo, nilifunga na nyinyi nikijua nimewadanganya.

Marehemu mzee wangu aliniachia ploti pale Burumba. Nikataka kujenga nyumba za kupangisha, si mnajua madereva wa malori hawakosi hapa mpakani. Nikachorewa plani ya vyumba sita, nikaipeleka kaunti, ikapitishwa vizuri. Sasa, kando ya ploti surveya alikuwa ameacha njia ya mita sita ya kwenda kwa jirani wa nyuma. Nikaiangalia ile njia, nikaona inakaa bure. Nikamwambia fundi aongeze viwili huko.

Fundi akasita. "Lakini mama, hapa si ni barabara? Plani haisemi hivi."

"Plani ndio inakulipa ama ni mimi?" Hivyo ndivyo nilivyomjibu, mtu mzima.

Jirani wa nyuma nikamwachia upenyo wa kupita mtu na wilbaro. Ni mama mzee, yuko hapa ndani leo, simtaji. Alikuja akaniuliza polepole, "Mwanangu, na gari je?" Nikamuuliza kama ana gari. Mnacheka? Hata mimi siku hiyo nilicheka.

Notisi ilipokuja ilisema nibomoe vile viwili, na kama sikubaliani niende mbele ya kamati ya rufaa. Sikuenda. Ningewaambia nini na plani yangu wanayo? Rufaa yangu nikaileta hapa madhabahuni, kwa watu wasiouliza plani. Siku zote tatu yule mama alipiga magoti karibu yangu akiniombea. Mimi moyoni namwita mnafiki, nikidhani ndiye alinishtaki. Kumbe afisa wa kaunti aliyeleta notisi alikuwa ameona kwenye ramani tu. Alipochelewa kurudi kubomoa, nikawatangazia kwamba maombi yamejibiwa, mkapiga vigelegele.

Halafu mzee wa huyo mama akafariki. Wengi wenu mlikuwa matangani. Gari la maiti likakosa pa kuingilia. Vijana wakabeba jeneza mpaka kwa ule upenyo, hawatoshi kupita nalo begani. Wakaligeuza ubavu, wawili mbele, wawili nyuma. Nilikuwa nimesimama kwa mlango wa chumba changu, nikasikia mwili ukigonga mbao. Mama mjane alisikia pia. Akajifunika uso kwa leso.

Hapo ndipo nilivunjika. Niliona aibu. Baada ya mazishi nilienda kwake nikapiga magoti, nikamweleza yote. Akasema, "Nilijua. Surveya akipanda bikoni za mpaka nilikuwa nimesimama hapo."

"Sasa mama, mbona uliniombea?"

"Niliomba Mungu akuachie vile sita."

Wiki hiyo hiyo nilimwita fundi yule yule niliyemtukana, akabomoa viwili mpaka msingi. Namshukuru, hakunikumbusha hata neno moja. Nawashukuru vijana wa kanisa walioondoa mawe. Afisa wa kaunti naye, niliyemwita adui mbele zenu, alikuja akapima njia, akanisalimia kwa heshima.

Kama unajenga, kaa ndani ya plani yako. Sheria ya ujenzi nilidhani imewekwa ili kunisumbua mimi, kumbe ilikuwa inamlinda mtu aliye nyuma yangu. Na usiwapeleke watu wa Mungu kwa magoti kuombea kitu unachokijua ni uongo.

Mama, hapo ulipokaa, nisamehe. Njia iko wazi sasa, hata lori linaingia. Lakini mzee wako alishapita, na mimi ndiye nilimpitisha ubavu.