Kisanduku Kisicho na Lebo

Benchi letu liko mbele ya duka la vifaa, na asubuhi za Oktoba hapa Montana ukungu hulichelewesha jua kiasi cha vikombe viwili vya kahawa. Siku hiyo katikati yetu palikuwa na kisanduku cha risasi ishirini. Alizitengeneza rafiki yetu Lowell mwenyewe: akayeyusha madini, akaimimina kwenye kalibu kupata vichwa vya risasi, akavipaka nta, akajaza baruti kwenye maganda. Kisha mwezi wa nane akafa usingizini. Jana yake binti yake, Marlys, alikuwa ametuachia kisanduku. Jumamosi msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unafunguliwa, naye alitaka kupanda mlimani na bunduki ya babake na risasi za babake, basi tumwambie ndani mna baruti gani. Maana Lowell, aliyetugombeza sote miaka thelathini kwa kutoandika lebo, kisanduku chake cha mwisho hakukiandika kitu.

Nusu, ambaye huomba nusu kikombe na kunywa vitatu, alitikisa risasi moja sikioni.

— Hii ni baruti ya haraka, inayoungua mara moja. Ni kidogo, inacheza humo ndani.

— Haraka haraka haina baraka, akasema Profesa, aliyewahi kufundisha kemia muhula mmoja. — Lowell alikuwa mtu wa polepole. Kaweka ya polepole, kajaza mpaka shingoni.

— Methali hiyo wanaambiwa wanaotaka kuoa.

— Baruti nayo inaolewa. Muulize mkeo.

— Nyote mmepotea, akasema Kobe, anayeongea mara moja kwa kikombe. — Aliniambia vipimo siku hizi anaviota. Akiamka anapima alichokiota. Kwa hiyo humu kila risasi ina kipimo chake.

— Mtu anaota mizani? akauliza Nusu.

— Anaota mlima. Akiamka anajua kiasi cha kuufikia.

Tukautazama mlima. Ulikuwa haujatoka kwenye ukungu, na kwa muda niliamini kabisa kwamba Lowell yuko huko, anatembea taratibu kama kawaida yake.

— Mimi naona hakuweka baruti, akasema Nusu kwa sauti ndogo. — Kaweka majivu ya msonobari. Alijua anaondoka, hakutaka kuacha kelele. Penye moshi pana moto.

— Hapo sasa umesema, akajibu Profesa, na sote tukaitikia kwa vichwa.

Ndipo Marlys akatokea, amevaa koti la babake, mikono ya koti kaikunja mara mbili.

— Habari za asubuhi, wajomba. Mmejua?

— Tumekaribia, mwanangu, akasema Profesa. — Ni ya haraka, au ni ya polepole.

— Au ni ndoto, akaongeza Kobe.

Marlys hakucheka.

— Jumamosi nikifyatua, nani kati yenu atasimama karibu nami?

Kobe akatazama viatu vyake. Profesa akaziba mdomo kwa kikombe. Baruti isiyoifaa bunduki, ikizidi, huipasua mbele ya shavu la aliyeishika, na hilo hakuna asiyelijua pale. Tulikuwa tumenogewa na hadithi zetu tukalisahau shavu la mtoto wa Lowell. Niliona aibu, nasema kweli.

— Najua njia ni kuzifungua tuone, lakini sitaki kuzivunja, akasema Marlys. — Ndizo alizozishika mwisho.

Niliingia dukani nikaazima nyundo ya kung'olea vichwa vya risasi, ile ya plastiki yenye tumbo tupu: risasi hutiwa ndani, na ukigonga kichwa huchomoka kwenye ganda.

— Baruti tutaimwaga, nikamwambia. — Vichwa ni vyake, vitabaki. Tutajaza baruti tunayoijua, na lebo utaandika wewe.

Marlys akakivuta kisanduku karibu. Kisha akaitia risasi ya kwanza kwenye nyundo, akagonga ukingo wa benchi mara tatu. Profesa akapokea baruti kiganjani, akainusa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema: — Sijui.

Marlys alikuwa amekishika kichwa kwa ncha yake. Kwenye kitako, kilichokuwa kimefichwa ndani ya ganda, nta ya buluu ilikuwa bado laini, na juu yake pamebaki alama ya kidole gumba cha Lowell, mistari yote, pamoja na kovu aliloachiwa na msumeno, ambalo sote tulilijua.

Nusu alichukua chupa ya kahawa. Ilikuwa tupu, akairudisha chini polepole.

Marlys akakiweka kichwa benchini, alama ikiangalia juu, akanyoosha mkono bila kututazama.

— Zimebaki kumi na tisa, akasema. — Nipeni nyingine.