Mama Utepe na Kaseti Mia Tatu na Kumi na Mbili

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Uliye jikoni, punguza moto kidogo. Uliye njiani, usikimbie, habari hii haina haraka. Leo tunamkumbuka fundi, mwanamke fundi wa redio na kaseti. Alifariki Jumatano iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane. Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Utepe, na mwenyewe aliitika.

Kama umezaliwa juzi, nikueleze kaseti ilikuwa nini. Ilikuwa kijisanduku cha plastiki, na ndani yake utepe mwembamba umeviringishwa. Ukitaka wimbo, uliusubiri redioni, vidole viwili juu ya vitufe viwili, nyumba nzima imeamrishwa kunyamaza. Wimbo unaanza, unabonyeza, na papo hapo shangazi anauliza kwa sauti, "Nani amemaliza sukari?" Basi. Swali la shangazi limeingia kwenye wimbo milele. Utepe ukinaswa, ulichukua kalamu, ukaizungusha, ukaomba Mungu. Kalamu ikishindwa, ulikwenda kwa Mama Utepe.

Alianza mapema. Akiwa na miaka kumi na mmoja, aliifungua redio ya baba yake. Redio ilikuwa moja tu nyumbani, na aliyeruhusiwa kuigusa ni baba peke yake. Dada yake mkubwa anakumbuka. "Baba alirudi kazini akakuta redio imetandazwa mezani kama samaki aliyepasuliwa. Sote tulijificha. Yeye hakujificha. Alisema, 'Baba, nimeona kinachokwaruza. Nipe siku tatu.'" Baba alikosa taarifa ya habari siku tatu. Siku ya nne redio ikaongea, na haikukwaruza tena.

Alijifunza ufundi kwenye karakana ambako msichana alikuwa yeye tu. Miezi sita ya kwanza alipewa ufagio. Akafagia huku macho yakiwa mezani kwa mafundi. Mwaka wa tatu wateja walikuwa wanauliza, "Yule dada yupo? Kama hayupo, nitarudi kesho." Akafungua kibanda chake kando ya duka la fundi cherehani. Akaolewa na dereva wa malori, mtu mrefu mwenye mikono mipana. Wakaishi pamoja miaka arobaini na mmoja.

Halafu dunia ikageuka, wasikilizaji wapendwa. Zikaja santuri ndogo zinazong'aa, zikaja simu zenye nyimbo ndani. Foleni pale kibandani ikapungua, ikaisha. Mama Utepe akawa anatengeneza pasi na feni. Mwanawe akamwambia, "Mama, funga kibanda, upumzike." Akajibu, "Kupumzika nitapumzika tu, mwanangu, wala sina haraka nako."

Lakini kulikuwa na jambo lililomkosesha raha. Nyuma ya kibanda kulikuwa na maboksi. Ndani yake, kaseti ambazo watu walileta zitengenezwe, na hawakurudi kuzichukua. Wengine walihama. Wengine walifariki. Wengine walinunua simu wakasahau. Siku moja alizihesabu. Zilikuwa mia tatu na kumi na mbili.

Muuguzi mmoja mstaafu ndiye aliyewasha moto. Alikuja akiulizia kaseti aliyoiacha miaka kumi na mmoja nyuma. Ilikuwa na sauti ya mama yake. Mama Utepe akaitafuta, akaipata, imeota ukungu. Akaifungua, akaufuta utepe kwa pamba, kipande kwa kipande, akaunga ulipokatika. Ilimchukua siku mbili. Alipoibonyeza, sauti ya mama mzee ikatoka: "Na huu mlango nani ameuacha wazi? Mnafikiri mmezaliwa kwenye kituo cha basi?"

Muuguzi alicheka, na machozi yakamtoka. "Ndiye huyo," alisema. "Hivyohivyo alivyotugombeza kila siku." Kisha akaishika kaseti yake, akaitazama. "Sasa fundi, nitaisikilizia wapi? Nyumbani hatuna tena kifaa cha kaseti."

Mume wa Mama Utepe anasema siku hiyo mkewe hakula vizuri. Alisema, "Nimemrudishia mtu sauti ya mama yake, halafu nimempa kama jiwe mkononi. Hiyo si kazi."

Wiki iliyofuata, akajifunga kibwebwe. Alikwenda kwenye darasa la kompyuta. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Mwalimu, kijana mpole, akamwuliza, "Bibi, umekuja kumwandikisha mjukuu?" Akasema, "Nimekuja kujiandikisha mimi. Wajukuu wanajua tayari, ila hawana subira ya kunifundisha." Siku ya pili mwalimu akamkuta amekifungua kipanya cha kompyuta kwa bisibisi. "Mwalimu, usishtuke," akamwambia. "Kitu nisichokijua ndani, sikiamini nje." Alisoma miezi mitatu. Alinunua kompyuta iliyotumika, akaiunganisha na redio kaseti yake ya zamani, na sauti zikaanza kuhama. Kutoka kwenye utepe, kwenda kwenye simu. Wa kwanza kurudishiwa alikuwa yule muuguzi. Sasa mama yake anamgombeza kila anapotaka.

Mama Utepe akaapa kwamba kaseti zote mia tatu na kumi na mbili zitarudi kwa wenyewe. Hakuna sauti itakayofia mikononi mwake.

Miaka mitatu baadaye mikono yenyewe ikaanza kutetemeka. Daktari alimwambia ugonjwa huo hauponi, unapunguzwa kasi tu. Mume wake, dereva mstaafu, amenieleza kwa maneno haya. "Nilimkuta kibandani. Bisibisi imeanguka, anaitazama. Nikainama niiokote. Akasema, 'Acha.' Akashuka mwenyewe hadi sakafuni. Alichukua muda. Akaiokota. Halafu akanikabidhi mimi. Akasema, 'Shika. Leo unaanza kazi.'"

Mzee huyu hakuwahi kufungua hata tochi. Siku ya kwanza alikata tepe mbili. Mkewe akamwambia, "Baba, hiyo si gia ya lori. Polepole." Mzee anacheka akikumbuka. "Nimeendesha barabara mbaya miaka thelathini, sijawahi kusimangwa namna ile." Lakini alijifunza. Mke aliangalia na kuelekeza, mume akashika. Kwa miaka minne.

Kaseti ikishapona, walimtafuta mwenyewe. Namba zilizoandikwa zilikuwa za simu za mezani zilizokwishakufa. Basi walikwenda kwa miguu, mlango kwa mlango. Waliingia shuleni, wakaingia kwa vinyozi, wakaweka simu juu ya kaunta. "Samahani jamani, kuna anayeijua sauti hii?" Na watu walisikiliza. Mwanamke mmoja aliisikia sauti yake mwenyewe, akiwa na miaka saba, anasoma kwa sauti kitabu cha darasa la kwanza na kukosea. Akaomba irudiwe mara tatu.

Si wote walifurahi. Mwanamume mmoja alipoambiwa sauti ni ya baba yake, alitaka kufunga geti. "Yule baba simtaki, wala sauti yake." Mama Utepe akamjibu, "Sikulazimishi kuisikiliza. Nakupa uamue wewe. Si haki niamue mimi." Yule mwanamume akaipokea. Kama aliisikiliza, hatujui.

Mwezi uliopita Mama Utepe alilazwa. Kila asubuhi mume wake alipita wodini kumpa ripoti. Jumatano alimwambia kwamba ya mia mbili tisini na tatu imepata mwenyewe. Akauliza, kwa sauti ndogo, "Zimebaki ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Sasa umekaa hapa unafanya nini? Nenda kazini."

Alikwenda. Habari za kifo zilimkuta kibandani, kaseti iko wazi mbele yake. Nilimwuliza kama anajuta kuondoka. Akatikisa kichwa. "Ningekaa, angenifukuza."

Alizikwa Ijumaa. Jumatatu mume wake alifungua kibanda, saa tatu kamili.

Kwa mzee, kwa watoto, kwa wajukuu na kwa dada mkubwa wa marehemu, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole. Msiba wenu ni wetu. Na wewe unayenisikiliza, jiulize leo ni sauti gani nyumbani kwako unayoisikia kila siku, mpaka huisikii tena. Msikilize mwenyewe, angali anapiga kelele.

Nilimwuliza mzee tumsaidieje. Alinipa karatasi. Nitasoma mistari mitatu, iliyobaki iko mlangoni kwake.

Kaseti ya kijani: mwanamume anamfundisha mtu kufunga tai, wanacheka, hawafiki mwisho.

Kaseti nyeusi, imepasuka pembeni: watoto wanne wanataja majina yao ya utani, Kifimbo, Malkia, Domo, na mdogo wao anayelia kwa sababu yeye hana.

Kaseti nyeupe: mwanamke anafagia, anaimba bila maneno, dakika arobaini.

Kama ni wa kwenu, wasikilizaji wapendwa, nendeni mkawachukue.