Ombi la Kuulizwa Maswali

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Silvia Bostan, Naibu Waziri wa Sheria; Mkuu wa Kitivo, Profesa Spînu; walimu na wazazi wetu:

KARIBU

Sisi wanafunzi wa mwaka wa nne tunakushukuru kwa kuumega mkate wetu na chumvi pale ngazini, tunavyopokea wageni kwetu. Utuwie radhi msomaji wetu akijikwaa. Profesa Spînu amekaa kando yako, na wiki ijayo tutasimama mbele yake mmoja mmoja kwa mtihani wa mwisho. Tunaogopa, wala hatuoni sababu ya kuficha.

TULIKOTOKA

Mtihani wetu ni wa mdomo. Mwanafunzi anaokota kikaratasi mezani, kwa mkono wa kushoto ili apate bahati, anasoma swali, kisha anamwaga alichokariri mwanzo hadi mwisho. Profesa anasikiliza kimya. Akikukatiza, umefeli. Unashukuru, unakusanya vitu vyako, unatoka. Wazazi wetu mawakili walipita humo humo na mahakama za nyumbani ziliwatosha. Wateja wetu sisi watakuwa na mikataba Bucharest, Milano na Istanbul, na huko hakuna anayekungoja umalize kukariri.

MAFANIKIO

Mwaka jana kitivo kilianzisha somo jipya: kutetea kesi kwa Kiingereza huku Bi. Rusnac, mwalimu wetu, akituhoji. Tulilipenda mno. Lilikuwa bado changa tulipopeleka timu Vienna, kwenye mashindano ya kusuluhisha kesi za biashara.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, ya Vienna huenda umeshayasikia kwa namna nyingine. Mwenzetu Aurica Gonța alisimama kuitetea, katika kesi ya kubuni, kampuni ya mvinyo ambayo shehena yake iliharibika njiani. Alikuwa anakwenda vizuri kabisa. Mwamuzi mmoja, mzee mpole, akainua kidole: “Samahani, wakili. Hapo sijakuelewa, hebu nifafanulie.” Aurica akapauka. Akasema asante, akakusanya makaratasi yake, akatoka. Mwenzake Vlad akamfuata mbio kwenye korido.

“We Aurica, unakwenda wapi?”

“Nimefeli, Vlad. Hukusikia kanikatiza?”

“Rudi bwana! Mzee wa watu anataka kukuelewa tu!”

“Nani, yule? Ananionea huruma. Niache.”

Hakurudi, na timu ikatolewa. Tuliporejea ikasemwa kwamba somo limekitia kitivo aibu, na Jumatatu baraza la kitivo linakaa kulifuta. Sisi tunaona kinyume chake. Kilichomtoa Aurica ukumbini ni mazoea ya miaka minne, na somo hilo ndilo pekee lililokuwa likimtibu. Likifutwa, tutahitimu na vyeti vizuri vya kutundika ukutani, na jaji wa kwanza wa ugenini atakayetuuliza jambo atatuona visogo. Hilo linatunyima usingizi kuliko mtihani wenyewe.

Profesa, hatukukusudia kukuvunjia heshima. Uliyotufundisha tunayo kichwani, neno kwa neno. Tafadhali usituhesabie risala hii wiki ijayo.

MAOMBI

Mheshimiwa, tunaomba useme na baraza kabla ya Jumatatu, somo libaki. Tunaomba pia maswali yaingie katika mitihani yote, mwanafunzi akatizwe na asifeli kwa sababu hiyo.

Ombi la mwisho ni dogo, lakini jana lilitugombanisha mpaka chai ikapoa. Ratiba inasema risala ikiisha, msomaji aketi. Tunakuomba umuulize swali kwanza, lolote utakalo. Aliyesimama mbele yako ndiye Aurica Gonța. Tulimwambia asome mwingine, akakataa. “Mkiona nataka kukimbia,” alisema, “fungeni mlango.” Tumejadiliana, tukaamua hatuufungi.

Mungu akurudishe nyumbani salama, na ampe moyo kila anayeulizwa. Ni sisi, Wanafunzi wa Mwaka wa Nne, Kitivo cha Sheria. Risala imekwisha, Mheshimiwa, na Aurica hajaketi. Muulize.